Mapunye ya paka: kumtibu paka, watu na nyumba kwa pamoja

Mtoto akiwa na duara linalowasha shingoni, na paka wa nyumbani ana kipara juu ya jicho, neno la kwanza linalosikika katika nyumba nyingi za Ujiji, hapa Kigoma, ni "mtoeni huyo paka." Anatiwa kwenye kiroba, anapelekwa Kibirizi kwenye dagaa au anaachwa pembeni ya soko la Mwanga, na watu wanajiona wamemaliza kazi. Hawajamaliza. Ugonjwa umebaki kwenye mkeka, kwenye godoro na kwenye ile khanga ambayo binti alikuwa akimbebea paka mgongoni kama mbeleko. Na paka mwenyewe sasa anashikwashikwa na watoto wa watu wengine.

Nimeuandika mwongozo huu kwa anayetaka kubaki na paka wake na kuyamaliza mapunye. Kuna sharti moja ambalo sitachoka kulirudia: paka, watu na nyumba vianze kutibiwa ndani ya wiki hiyohiyo. Ukimpaka mtoto dawa leo na paka ukamwacha hadi mwezi ujao, utanunua dawa ya mtoto mara mbili.

Mapunye ya paka yanaletwa na fangasi aitwaye Microsporum canis. Chakula chake ni keratini, ile protini iliyomo kwenye nywele, kucha na ngozi ya juu iliyokwisha kufa. Unywele ukishavamiwa hukatika kwa urahisi, na kila kipande kinachodondoka kimebeba viini vingi visivyoonekana kwa macho. Viini hivyo vikiwa mahali pakavu vinaweza kukaa zaidi ya mwaka mzima vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Ila havizaliani kwenye mkeka wala ukutani. Vinakaa tu hadi vipate ngozi. Kwa hiyo kila manyoya unayoyazoa na kuyachoma ni ugonjwa uliopunguza.

Hatua ya 1: Mkague paka mchana, nje

Mtoe barazani penye mwanga mzuri. Mmoja amshike kwa khanga kuukuu, mwingine avae glavu na kufunua manyoya taratibu. Anza na uso: juu ya macho, puani, kidevuni, ukingo wa masikio na nyuma yake. Kisha shuka kwenye miguu ya mbele hadi katikati ya vidole, umalizie na mkia. Unatafuta mabaka yaliyonyonyoka, yenye magamba ya kijivu kama jivu la mkaa, na pembeni yake vinywele vifupi vilivyokatika. Usitegemee kuona duara zuri kama lile la kwenye mkono wa mtu, maana kwa paka mara nyingi halionekani.

Paka wengi wenye mapunye hawajikuni sana. Anayejikuna usiku kucha, mwenye magaga mazito yaliyoanzia ukingo wa sikio, huenda ana upele unaoletwa na utitiri. Mwenye vidoti vyeusi kiunoni, ambavyo ukiviweka kwenye karatasi iliyolowa vinatoa rangi nyekundu, ana viroboto. Uvimbe mmoja wenye usaha baada ya usiku wa kelele juu ya bati ni jeraha la ugomvi. Kila kimoja kina dawa yake, na paka mmoja anaweza kuwa na viwili kwa pamoja.

Watoto wa paka ndio wanaoshikwa zaidi, wakifuatiwa na wazee, wagonjwa na wenye manyoya marefu. Lakini paka mzima asiye na kipara hata kimoja naye anaweza kubeba viini kwenye manyoya yake. Kama una paka watatu na mmoja ameonekana na mapunye, wote watatu wahesabu kuwa wanayo.

Ukikwaruzwa au kung'atwa na paka wakati wa ukaguzi, hasa asiyejulikana chanjo zake, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Hilo lina haraka kuliko mapunye.

Hatua ya 2: Pata jibu la mtaalamu

Nenda ofisi ya mifugo ya halmashauri au kwa daktari wa mifugo anayehudumia mbwa na paka. Anaweza kumulika manyoya ndani ya chumba chenye giza kwa taa ya Wood, yenye mwanga wa urujuanimno. Unywele wenye fangasi huyu mara nyingi hung'aa kijani kibichi kuanzia kwenye shina. Vumbi, magamba na mabaki ya sabuni navyo hung'aa, ila kwa weupe au bluu, na hapo ndipo wengi wenye vitochi vya kukagulia noti wanapojidanganya. Paka asipong'aa usimtangaze kuwa mzima, kwa sababu si kila kimelea cha aina hii hung'aa.

Jibu la uhakika zaidi ni la maabara, ambako manyoya hupandwa kwenye chakula maalumu na fangasi akasubiriwa aote. Huchukua hadi wiki mbili au tatu. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ina kituo Tabora, kwa hiyo mwulize afisa mifugo wako utaratibu wa kutuma sampuli. Kuichukua ni rahisi: mswaki mpya wa meno, ambao bado uko kwenye pakiti yake, unapitishwa mwili mzima wa paka kwa dakika mbili au tatu, mabaka yakija mwisho. Mswaki na manyoya yake vinatiwa ndani ya bahasha ya karatasi. Usivitie kwenye nailoni, maana unyevu utaotesha bakteria na kuiharibu sampuli.

Majibu yasipokuja mapema, usiyasubiri ndipo uanze usafi.

Hatua ya 3: Mtenge bila kumtesa

Mwenye stoo au chumba cha ziada chenye sakafu ya saruji hana shida. Anayepanga chumba kimoja Gungu au Mwanga anahitaji kitu kingine, na kinachofaa ni tenga kubwa la kuku: ndani boksi la kulalia, sahani mbili, na beseni la mchanga au jivu la kujisaidia. Mchana likae barazani kivulini, usiku liingie kona moja isiyo na mkeka. Boksi lichomwe kila wiki na kuwekwa jipya. Viguo vya kulalia vibadilishwe kila siku mbili.

Mtu mzima mmoja ndiye amhudumie, akiwa na nguo moja ya mikono mirefu isiyovaliwa kazi nyingine. Mama mjamzito, mtoto mdogo na mtu ambaye kinga yake imeshuka wasipewe kazi hii. Lakini mtoto wa paka akifungiwa wiki nyingi bila kuguswa anakuwa mwoga na mkali maisha yake yote. Kaa naye kila siku, mchezeshe kwa kijiti chenye kamba, zungumza naye, kisha vua hiyo nguo na unawe hadi kwenye viwiko.

Hatua ya 4: Mtibu paka, nje na ndani ya mwili

Tiba kamili ina sehemu mbili. Ya nje huua viini vilivyo kwenye manyoya ili aache kuvimwaga nyumbani. Ya kumeza humwua fangasi ndani ya shina la unywele, mahali ambapo sabuni haifiki.

Kwa nje, shampuu ya mifugo yenye mikonazoli pamoja na klorheksidini inafanya kazi vizuri. Klorheksidini peke yake haitoshi, kwa hiyo soma lebo kabla ya kulipa. Mwogeshe mara mbili kwa wiki, mwili mzima, na povu likae muda ulioandikwa, mara nyingi kama dakika kumi. Hapo ndipo watu hushindwa: paka analia, wanamsuuza baada ya dakika moja, na dawa haijafanya kitu. Tumia maji ya vuguvugu, ogesha mchana, na umkaushe kabisa kwa taulo kabla upepo wa ziwa haujaanza kupoa. Mtoto wa paka wa wiki chache akilowa na kubaki na baridi anaweza kufa, kwa hiyo mdogo sana mpeleke kwanza kwa daktari.

Manyoya yanayozunguka mabaka yakatwe kwa mkasi wenye ncha butu, juu ya gazeti, kisha gazeti lichomwe na yote yaliyomo. Usimnyoe kwa mashine. Inamchubua, na fangasi hupenda ngozi iliyochubuka.

Dawa za kumeza zinazotumika zaidi ni itrakonazoli na tabinafini. Itrakonazoli kwa kawaida hutolewa miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wiki moja anapewa, wiki inayofuata anapumzishwa, hadi itimie mizunguko mitatu. Naitaja hesabu hii ili uone hatari yake: kidonge cha binadamu cha miligramu 100 ni kipimo mara 20 ya anachohitaji paka wa kilo moja. Kukikadiria kwa macho jikoni ni kumharibu ini. Mwache daktari apime uzito na aigawe dawa mwenyewe. Griseofulvini, dawa ya zamani inayopatikana kirahisi, inaweza kuharibu uboho wa paka na haifai kabisa kwa paka mwenye mimba. Ketokonazoli ya vidonge nayo paka hawaivumilii.

Paka mwenye afya anaweza kupona mwenyewe baada ya miezi miwili hadi mitatu na ushee. Sishauri kusubiri hivyo kwenye nyumba yenye watoto, kwa kuwa siku zote hizo anadondosha manyoya yenye ugonjwa.

Vitu visivyogusa ngozi ya paka

Paka hujilamba. Chochote unachompaka anakimeza, na ini lake haliwezi kuzivunja sumu nyingi ambazo mbwa au ng'ombe anazivumilia. Kuna paka ambao wangepona mapunye wenyewe lakini wanakufa kwa dawa waliyopakwa, na hili linaniuma kwa sababu aliyempaka alikuwa anamhurumia.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe ndiyo mbaya kuliko zote. Nyingi zina amitrazi au sumu za jamii ya pareto ya viwandani kama sipamethrini na pamethrini. Paka aliyepakwa huanza kutetemeka, kutokwa mate na kupata degedege, na kifo kinaweza kufuata ndani ya saa chache. Hata zikiandikwa kuwa zinaua kupe na viroboto wa mbwa, si za paka. Akishapakwa kwa bahati mbaya, mwoshe mara moja kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, mfunike apate joto, na mkimbize kwa daktari.

Mafuta ya taa na oili chafu huunguza ngozi na kumdhuru mapafu na tumbo anapojilamba. Kitunguu saumu kilichopondwa huharibu damu yake. Mafuta ya mti wa chai, yanayosifiwa sana mitandaoni, nayo ni sumu kwake. Mawese tunayo mengi Kigoma na ni mafuta mazuri ya kula, lakini hayaui fangasi. Paka aliyepakwa mawese anashika vumbi, anavutia siafu, na anaacha alama za miguu yenye viini kila anapopita.

Hatua ya 5: Watibu watu

Mtu hupata mapunye kwa kumgusa paka, au kwa kugusa kitu kilichodondokewa na manyoya yake. Dalili hutokea baada ya siku chache hadi kama wiki mbili. Angalia sehemu anazobebewa paka: ndani ya mikono, shingoni, kifuani, shavuni. Kwa ngozi zetu duara mara nyingi huwa la kahawia iliyokolea, jeusi au la kijivu, lenye ukingo ulioinuka na magamba, na katikati panaonekana kama panapona. Anayesubiri wekundu wa kwenye picha atachelewa.

Mashilingi, yaani maduara hayo ya mwilini, yakiwa machache yanatibika kwa krimu ya klotrimazoli au mikonazoli kutoka duka la dawa muhimu. Ipake mara mbili kwa siku, ukivuka ukingo wa duara kama sentimita mbili, kwa wiki mbili hadi nne, na uendelee wiki moja au mbili baada ya alama kutoweka. Wengi huacha siku kuwasha kunapokoma, na duara linarudi. Mafuta ya Whitfield, yanayopatikana kwenye zahanati nyingi, nayo yanafaa kwa mikono na mwili ila yanaunguza usoni.

Kataa krimu yenye steroidi kama betamethasoni au klobetasoli. Ziko pia ndani ya krimu za mchanganyiko zinazouzwa kama dawa ya kila kitu, na ndani ya baadhi ya krimu za kujichubua. Muwasho unaisha kwa siku mbili na mtu anafurahi, huku fangasi anasambaa chini kwa chini hadi duara linapoteza umbo na hata daktari anapata kazi kulitambua. Maji ya betri, ambayo wako wanaoyapaka, ni tindikali. Yanaacha kovu la kudumu kwenye uso wa mtoto.

Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu. Mpeleke mtoto zahanati au kituo cha afya. Yakiwa mabaya atapewa rufaa hadi hospitali ya mkoa, Maweni. Atahitaji dawa ya kumeza, kwa fangasi wa paka mara nyingi griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane au zaidi, kwa kipimo cha uzito wake. Inafyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, hivyo mpe baada ya ugali na dagaa wa kukaanga, au kwa maziwa. Mjamzito haruhusiwi kuitumia. Anayetumia ARV au dawa nyingine za muda mrefu amwambie daktari kabla ya kuandikiwa dawa yoyote ya fangasi ya kumeza.

Wakati mwingine kichwa huvimba donge laini lenye usaha na nywele zinang'oka bila maumivu. Linafanana kabisa na jipu, na watu hulitumbua. Msilitumbue wala kulikamua. Ni mwili unapambana na fangasi, na likikosewa nywele hazitaota tena pale.

Kabla hamjamtwika paka lawama zote, ulizeni pia shule na saluni. Mapunye mengi ya kichwani kwa watoto wa Afrika yanatoka kwa mtoto mwenzake: kofia ya madrasa iliyoazimwa, chanuo la darasa zima, mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Mama mmoja Ujiji alimwambia bintiye mbele yangu, "Mwanangu, ushungi wako ni wako, hata dada yako usimpe." Sheria hiyo ndogo ingetosha kwa nyumba nyingi. Mtoto akishaanza dawa anaweza kwenda shule.

Hatua ya 6: Isafishe nyumba

Kazi ya kwanza ni kuondoa manyoya, kwa sababu dawa yoyote inayomwagwa juu ya uchafu inaishia kwenye uchafu. Kufagia kavu kunarusha manyoya hewani yakatua kwenye vyombo na mashuka. Nyunyiza maji kwanza, fagia ukitoka ndani kwenda mlangoni, zoa takataka na uzichome. Kwenye sakafu ya saruji fuatisha deki la maji ya sabuni, na sabuni isuuzwe.

Ndipo uweke jiki. Sehemu moja kwa sehemu 20 za maji inatosha, yaani nusu kikombe kwa vikombe kumi. Sakafu ibaki imelowa kwa dakika kumi, madirisha wazi, paka na watoto nje hadi ikauke. Usichanganye jiki na dawa ya choo, siki wala kitu chenye amonia, maana gesi yake inaumiza mapafu. Changanya ya kutosha siku hiyo tu. Iliyolala hupungua nguvu.

Sakafu ya udongo haipigwi deki. Inyunyizie maji, fagia kila siku, na ukiweza isiribe upya kwa udongo mbichi baada ya wiki ya kwanza ya usafi. Viini vilivyofukiwa chini ya udongo uliokauka vizuri havirudi mguuni.

Khanga, mashuka na vyandarua vikung'utwe nje mbali na mlango, kisha vifuliwe kwa sabuni mara mbili, kila mara kwa maji mapya na bila kujaza beseni. Kinachoondoa viini ni kusuguana na kusuuzwa, kwa hiyo si lazima maji yachemke. Nguo za aliyeugua zifuliwe peke yake. Mkeka na jamvi sugua kwa brashi na sabuni pande zote mbili, suuza na uanike juani siku nzima. Godoro lifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, lianikwe, kisha livikwe foronya inayoweza kufuliwa. Kuanzia Juni hadi Septemba jua la Kigoma linakusaidia bure. Masika yakishaanza, kaushia chini ya bati penye upepo, maana godoro lenye unyevu ni balaa jingine.

Manyoya yafagiliwe kila siku, na usafi mzima wenye jiki ufanyike mara mbili kwa wiki mpaka paka atangazwe amepona. Chanuo la mbao na brashi kuukuu choma tu.

Hatua ya 7: Kujua amepona, na kumpokea mwingine

Manyoya yataanza kuota kabla fangasi hajaisha, kwa hiyo kipara kilichofunikwa si cheti. Penye maabara, subiri majibu yaonyeshe kuwa hakuna fangasi aliyeota. Pasipo maabara, endelea na dawa angalau wiki mbili baada ya magamba yote kwisha na daktari kumkagua tena. Kwa kawaida hesabu wiki sita hadi kumi tangu kuanza.

Mtoto wa paka anayeletwa kutoka kwa jirani au aliyeokotwa kwenye vichanja vya dagaa akae kwenye tenga lake wiki tatu kabla ya kulala na watoto. Mkague juani kila baada ya siku tatu, masikio na vidole kwanza, na usitumie kwake khanga wala sahani ya paka mwingine. Akivuka wiki hizo bila baka wala gamba, mfungulie.